Uwele, Samaki na Wafalme: Ushuhuda Kutoka Udongo wa Mafia

Kazi yangu ni kuosha udongo wa kale. Wenzangu huchimba mashimo, huchora kuta zake na kuhesabu vigae. Mimi hungoja ndoo zipande kutoka shimoni, nikautia udongo majini, nikakoroga na kukinga kinachoelea. Huelea mkaa, na ndani ya mkaa huwamo mbegu zilizoungulia mekoni kwa watu waliokufa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Nimeifanya kazi hii sehemu mbalimbali za mwambao wa Tanzania, na iliyonishika zaidi ni Mafia: kisiwa kikubwa chenyewe, pamoja na Juani, Chole na Jibondo.

Ninatoa ushuhuda huu kwa sababu historia ya dola za mwambao wetu tumezoea kuisimulia kuanzia sebuleni kwa wakubwa. Tunaanza na misikiti ya mawe, majumba na masultani, tunachoka kabla ya kufika jikoni. Anayeanzia jikoni huona jambo jingine. Mafia haikupata wafalme kwa sababu ilikuwa na maghala makubwa ya nafaka. Iliwapata baada ya wakulima wadogo, waliovuka na mbegu zao kutoka bara, kuizoea bahari mpaka ikawalisha sawa na konde, na baada ya bandari zao kuwa mali ya kugombewa. Hilo ndilo nililo nalo la kusema, na nitalisema kwa ushahidi.

Nianze na namna ushahidi wenyewe unavyopatikana. Wengi wakisikia habari za mambo ya kale ya Mafia hufikiria Kua, mji wa magofu ulioko Juani, wenye jumba la mtawala, misikiti na makaburi katikati ya mibuyu. Kua ni hazina. Lakini mimi natafuta zaidi majaa, yaani mahali watu walipotupa majivu, makombe, mifupa na vyungu vilivyovunjika. Jaa la kale halivutii macho. Ni udongo mweusi wenye vipande vya kombe na vigae, na mara nyingi juu yake pana mihogo au minazi ya mtu. Tunalichimba tabaka kwa tabaka, kila tabaka na namba yake, kwa kuwa mbegu isiyojulikana ilitoka tabaka gani haituambii kitu. Udongo mwingi unachekechwa kwenye wavu wa matundu ya milimita chache ili kunasa mifupa, shanga na vigae. Sehemu yake hutengwa kwa ajili ya kuoshwa.

Juani maji baridi si ya kuchezea. Kisima ni cha watu kwanza, kwa hiyo maji ya kuoshea tunayarudia, tukiyachuja kila mara ili mbegu ya tabaka moja isihamie katika tabaka jingine. Kinachoelea hukingwa kwa kitambaa chenye matundu yasiyofika nusu milimita, kisha huanikwa kivulini. Kikipigwa na jua kali mkaa hupasuka, na mbegu iliyodumu karne kumi na tano ikawa vumbi kwa mchana mmoja.

Baada ya hapo ni hadubini. Punje ya uwele ina umbo la tone, butu upande mmoja. Ulezi ni mdogo, wa mviringo, na gamba lake lina vijishimo. Mtama ni mkubwa zaidi. Kunde huitambua kwa lile kovu la pale iliposhikana na ganda lake. Mbuyu huacha vipande vya gamba gumu la mbegu zake. Mpunga mara nyingi hautambuliki kwa punje bali kwa kitako kidogo cha kapi kilichobaki baada ya kutwanga. Katika hatua ya kutenga mbegu na takataka, sijaona wasaidizi hodari kuliko akina mama wanaopepeta kwa ungo tangu utotoni. Jicho lililozoea kuona chenga ndani ya mchele huona na punje ya uwele ndani ya mkaa.

Hakuna hata moja kati ya nafaka hizo iliyozaliwa Mafia. Mtama ulianza kulimwa mashariki mwa Sudan zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Uwele ulianzia ukingo wa Sahara, na ushahidi wake wa kale umepatikana Mali, wa zaidi ya miaka 4,000. Ulezi ni wa nyanda za juu za Ethiopia na Uganda. Kunde ni za Afrika Magharibi, na mwaka 2024 watafiti walitangaza kwamba katika pango la Kakapel, magharibi mwa Kenya, kunde zilikuwa zimefika yapata miaka 2,300 iliyopita. Kwa hiyo punje ya uwele iliyoungua Juani ni ushahidi wa safari. Mtu aliibeba, mwingine akaipokea, akaipanda, akaweka mbegu ya msimu ujao, vizazi na vizazi, mpaka mmoja wao akaitia chomboni akavuka mlango wa bahari.

Njia ya watu hao tunaweza kuifuata kwa vyungu vyao. Katika eneo la Maziwa Makuu, kuanzia katikati ya milenia ya mwisho kabla ya Kristo, kulikuwa na watu waliofua chuma na kufinyanga vyungu ambavyo wanaakiolojia wanaviita vya Urewe. Ndugu wa vyungu hivyo huku mwambaoni ni vile vya Kwale, vilivyopewa jina la mahali alipochimba Robert Soper nchini Kenya katika miaka ya 1960. Vinapatikana kuanzia huko kushuka hadi Rufiji na Kilwa, katika karne za mwanzo baada ya Kristo. Bara, si mbali na Kisiju, ng'ambo ya Mafia, Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimba Limbo na kukuta mavi ya chuma kwa wingi wa kuonyesha kwamba chuma kilifuliwa pale kwa kiwango kikubwa. Walikuwa mafundi na wakulima. Jembe na shoka ndivyo vilivyowafungulia msitu.

Juani, mojawapo ya maeneo muhimu kabisa ya watu hao liko kwenye viwanja vya shule ya msingi ya kisiwa, na katika maandishi ya kitaalamu linaitwa kwa jina la shule hiyo. Wataalamu wakiongozwa na Alison Crowther, pamoja na Mark Horton, Nicole Boivin na wengine, walichapisha mwaka 2016 matokeo ya uchimbaji wa pale. Mwaka 2014 walikuwa wamechapisha ya pango la Ukunju, palepale Juani, kuhusu kilimo, uvuvi na biashara ya zama za chuma. Picha inayotoka ni ya makazi madogo, yaliyokuwapo katikati ya milenia ya kwanza, ya watu wenye mapokeo ya kilimo cha bara waliokuwa wanajifunza kuishi kwa bahari.

Kwenye Ukunju pana mjadala ambao haujafungwa. Profesa Chami, katika maandiko yake ya mwaka 2004, alitoa hoja kwamba watu waliishi katika mapango ya Juani kabla ya chuma, na kwamba biashara ya mbali ilianza mapema kuliko tulivyofundishwa. Wengine wanadai ushahidi wenye nguvu zaidi kabla ya kukubali. Mimi nasema mjadala huo ni afya. Alichokifanya Chami hakipingiki: alilazimisha watu waitazame Mafia kama mahali pa mwanzo wa mambo, wakati wengi waliiona kama kiambatisho cha Kilwa.

Sasa niseme kuhusu bahari, maana hapo ndipo penye uzito. Ukimwaga mezani vilivyomo katika tabaka za mwanzo za jaa la kisiwani, mbegu ni kidogo, makombe ni mengi, mifupa ya samaki ni mingi. Samaki wenyewe ni wa karibu, wa mwambani na majanini: changu, pono, tasi, chewa. Ni samaki wa mtego, mshipi na dema, wanaovuliwa na mtu anayerudi nyumbani kabla ya jua kuwaka. Bibi mmoja wa Juani, mzoefu wa kwenda pwani maji yakitoka, aliwahi kukaa na mimi tukiyapanga makombe. Aliyagawa mafungu bila kuulizwa. "Mwanangu, hizi tondo ni za mikokoni," akasema. "Hizi kombe za mchangani, mtu anafukua kwa mkono. Na hizi za mwambani, zinataka bamvu." Kwa maneno yale alikuwa amenichorea ramani ya matembezi ya wanawake wa kale, na kalenda yao ya maji makubwa na maji mafu. Hakuna kitabu kilichonipa hilo.

Mwaka 2015 Jeffrey Fleisher na wenzake, akiwamo Annalisa Christie aliyefanya utafiti wake Mafia, waliuliza swali zito: ni tangu lini Waswahili wakawa watu wa bahari? Jibu lao ni kwamba kukaa pwani na kula samaki hakutoshi kumfanya mtu awe wa bahari. Uvuvi wa kina kirefu, majengo yanayotazama bandari, matumbawe kuwa jiwe la kujengea, na heshima ya mtu kutegemea chombo chake, hayo yalikomaa baada ya mwaka 1000. Yale niyaonayo Juani hayapingani nao. Wakulima wale walianza na ufuo, wakaenda mwambani, na baada ya karne kadhaa ndipo wakavuka mkondo.

Nitahadharishe jambo moja kuhusu mbegu zangu. Viazi vikuu na ndizi haviachi mbegu za kuungua. Al-Mas'udi, aliyesafiri mwambao huu mwaka 916, aliandika kwamba watu wa Zanj walikula mtama na ndizi, na mzizi fulani uliochimbwa ardhini. Kwa hiyo uchache wa nafaka katika jaa haumaanishi uchache wa chakula. Unamaanisha kwamba chakula hakikuwa cha aina moja, na hili ndilo linalonipeleka kwenye suala la dola.

Vitabu vingi vya dunia vimejengwa juu ya mfano wa Iraq ya kale. Gordon Childe, mwanaakiolojia mzaliwa wa Australia, alitufundisha tangu miaka ya 1930 kwamba kilimo kilizaa ziada, ziada ikazaa miji, miji ikazaa wafalme. Mjini Uruk, kabla ya mwaka 3000 kabla ya Kristo, makarani walikuwa tayari wanaandika kwenye vibao vya udongo hesabu za shayiri na za vibarua. James Scott, katika kitabu alichokitoa mwaka 2017, aliongeza hoja kali: dola za kwanza zilipenda nafaka kwa sababu nafaka inaonekana, inaiva kwa pamoja, inapimika, inagawika na inawekeka. Mtoza kodi anajua siku ya kuja. Mzizi unakaa ardhini mpaka mwenyewe aung'oe. Yeyote aliyeona konde la muhogo Mafia anaelewa: mwenye konde anachimba shina la leo, la kesho linabaki chini, na hakuna ghala la kuhesabiwa na mtu wa nje. Muhogo ulikuja baada ya Wareno, lakini viazi vikuu vilifanya kazi hiyohiyo kabla yake.

Hata katika Afrika Mashariki yenyewe, kanuni ya Childe haikai mahali pamoja. Lothagam, kando ya Ziwa Turkana, wafugaji wa miaka 5,000 hivi iliyopita walijenga makaburi ya pamoja yenye nguzo za mawe na kuzika humo watu wasiopungua 580, na katika mazishi hayo haionekani dalili ya mkubwa na mdogo. Engaruka, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, kati ya karne ya 15 na ya 18, wakulima walitandaza mifereji na makinga ya mawe katika eneo la hekta zipatazo 2,000, na hakuna jumba la mfalme lililopatikana. Upande wa pili, Ntusi na Bigo nchini Uganda, ng'ombe na nafaka vilikwenda pamoja na makazi makubwa na mahandaki ya kilomita nyingi, na dola za Maziwa Makuu zikafuata. Kilimo peke yake hakileti mfalme, na kazi kubwa ya pamoja haileti mfalme. Lazima tuulize katika kila mahali: ni kitu gani kiliwekeka chini ya mkono wa mtu mmoja?

Mafia, kitu hicho kilikuwa njia. Kisiwa kiko mbele ya delta ya Rufiji, yenye mikoko iliyotoa boriti za kujengea hata Arabuni. Upepo wa kaskazi unaleta vyombo, wa kusi unavirudisha, na kati ya hizo nahodha lazima angoje mahali penye kivuli cha upepo, maji na chakula. Biashara hiyo ni ya kale. Kitabu cha mwongozo wa mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza kinataja soko la Rhapta na kisiwa cha Menouthias, ambacho baadhi ya wataalamu wanadhani ni Mafia na wengine Unguja au Pemba. Chami alipata shanga za kioo za Kirumi karibu na Kibiti, Rufiji, na kuchapisha habari zake mwaka 1999. Kitabu hicho cha Kigiriki kinasema wakubwa wa Rhapta walijitawala kila mmoja mahali pake. Biashara ilikuwapo, na dola moja ilikuwa bado.

Kuanzia karne ya 7 mambo yanashika kasi. Vyungu vya aina moja, vyenye pembetatu zilizochanjwa, vinaonekana kuanzia Lamu hadi Msumbiji na Komoro, pwani na bara. Kuku na panya weusi kutoka Asia wanaanza kuonekana katika mifupa tunayoifukua, na panya hasafiri bila meli. Katika mji wa kale wa Shanga, Lamu, Horton alikuta chini ya msikiti wa mawe misikiti mingine ya miti, wa kwanza wa karne ya 8. Pemba, Sarah Walshaw alionyesha kwa mbegu kwamba Tumbe, kati ya karne ya 7 na ya 10, watu walikula uwele kwa wingi, na kwamba Chwaka, kuanzia karne ya 11, mpunga ukachukua nafasi. Mpunga ulikuja pamoja na mji, msikiti na karamu. Tunaujua mpunga hivyo mpaka leo: harusi ya Mafia haipikwi uwele. Chakula kilianza kumtambulisha mwenye nacho, na hapo ngazi za watu zilianza kupandwa.

Kisha wakaja wafalme wenye majina. Ras Kisimani, magharibi mwa kisiwa, ulikuwapo mji wa Kisimani Mafia ambao Neville Chittick aliuchimba na kutoa ripoti yake mwaka 1961. Masimulizi ya kale ya Kilwa yanasema mtawala wa kwanza wa huko aliipata Mafia pia, na mwanawe Bashat akawekwa kuitawala. Udongo unaunga mkono uhusiano huo: sarafu ndogo za shaba zenye jina la Ali bin al-Hasan zimepatikana Kilwa na Kisimani. Chittick alimweka mtawala huyo karibu na mwaka 1200. Lakini mwaka 1984, Mtambwe Mkuu kule Pemba, ilifukuliwa akiba ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, na pamoja nazo dinari za Kifatimiya zilizowalazimisha wataalamu kumrudisha nyuma hadi karne ya 11. Kwangu mimi sarafu ya shaba ina uzito kuliko ya dhahabu. Dhahabu ni ya meli na ya wakubwa. Shaba ni ya kununulia samaki sokoni, na mtawala ambaye jina lake limo mkononi mwa muuza samaki ameshafika jikoni.

Kilwa yenyewe ilipanda hadi kusimamia dhahabu ya Sofala, na Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 alimkuta al-Hasan bin Sulaiman katika enzi kubwa. Hata hivyo tabaka za chini kabisa za Kilwa, alizozifikia Chittick, ni za nyumba za miti na udongo, za samaki na chuma. Ni za watu walewale wa Juani. Na Mafia haikuwa jangwa nyuma ya Kilwa. Duarte Barbosa, Mreno aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, aliitaja Mafia pamoja na Unguja na Pemba kuwa visiwa vyenye rutuba, mchele, mtama, nyama na machungwa, ambavyo watu wake walifanya biashara na bara kwa vyakula vyao, katika vyombo vya mbao zilizoshonwa kwa kamba na tanga za mikeka. Akasema pia kwamba visiwa hivyo vina wafalme wake. Hapa kilimo na dola vinakutana. Nafaka ya Mafia haikumwinua mfalme kwa kukaa ghalani. Ilimwinua kwa kutoka bandarini.

Je, wafalme hao walitoka wapi? Swali hili limechosha watu, na majibu yake yamekuwa ya siasa. Mwaka 2023 watafiti walichapisha matokeo ya vinasaba vya watu wapatao 80 waliozikwa katika miji ya mwambao, kuanzia Lamu hadi Kilwa na Songo Mnara. Kuanzia yapata mwaka 1000, asili za Kiafrika na za Kiasia zilichanganyika, na kwa sehemu kubwa upande wa kike ulikuwa wa Kiafrika na upande wa kiume ulikuwa wa Kiajemi. Kwa hiyo masimulizi ya Washirazi, ya kwamba mababu zao walitoka Uajemi, hayakuwa uongo mtupu. Lakini meko, vyungu na konde vilikuwa vya mwanamke ambaye mama wa mama zake walikuwa kwenye mwambao huu kwa karne nyingi. Mgeni aliposhuka alipikiwa katika chungu kilichokwisha kuwa na historia. Msingi wa mji ulikuwa umechimbwa kabla hajafika.

Kua inatuonyesha upande mwingine wa dola hizi: udhaifu wake. Masimulizi ya Mafia yanaeleza uhasama wa Kua na Kisimani, watoto walioshushiwa jahazi juu ya miili yao, na kisasi cha wageni waliofungiwa ndani ya ukuta wakati wa harusi. Siwezi kuyathibitisha kwa mwiko na brashi. Ninachokiona ndani yake ni kwamba watu walikumbuka ushindani wa bandari mbili kuwa jambo la kuua. Kisha, mwanzoni mwa karne ya 19, Wasakalava kutoka Madagaska waliivamia Kua kwa mitumbwi, wakaua na kuchukua mateka, na mji haukuinuka tena. Ukubwa ukahamia Chole. Dola iliyokaa juu ya njia ya bahari iliangushwa kwa njia hiyohiyo. Waliosalia walirudi walikoanzia, kondeni na mwambani, na maisha yakaendelea. Sultani alikwenda, dema na jembe vikabaki. Ndiyo maana sikubali mtu aseme kwamba mji ulipoanguka historia ilikatika.

Sasa niseme na wasomaji, hasa walioko Mafia. Bahari inaila Ras Kisimani, na imeshakula sehemu kubwa ya mji. Hilo hatuwezi kulizuia kwa maneno, ila tunaweza kuwahi kuandika kilichobaki. Mengine yako mikononi mwetu. Mawe ya magofu yasigeuzwe chokaa wala msingi wa nyumba mpya. Udongo mweusi wa jaa usichotwe kupeleka bustanini kabla mtu wa mambo ya kale hajauona. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vya kabla ya 1863 na inakataza kuchimba bila kibali. Kila mwenyekiti wa kijiji anapaswa kuijua. Mwaka 1995 Mafia ilipata hifadhi ya kwanza ya bahari nchini, na leo mtoto wa Jibondo anajua kwa nini tumbawe halivunjwi. Elimu kama hiyo iende nchi kavu.

Kwa walimu nina ombi mahususi. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili sasa linafundishwa kwa Kiswahili, na Juani mnacho chanzo cha historia chini ya miguu ya wanafunzi. Waonyesheni kigae kikiwa mahali pake, msikiokote. Mwaalikeni bibi anayejua makombe aje darasani. Waulizeni watoto kwa nini babu zao walileta uwele kisiwani na nani alikula mpunga. Wakifika shule za juu wakaambiwa kwamba ustaarabu wa mwambao uliletwa ukiwa mzima ndani ya majahazi, watakuwa na ushahidi wa kujibu.

Na wewe mkulima unayelima juu ya majaa hayo, ukikuta jembe limetoa vigae, shanga au mavi ya chuma, simama kidogo. Viache vilipo, weka alama, umwarifu ofisa utamaduni wa wilaya. Walioviacha hapo walikuwa wakulima kama wewe, na miji yote ya mwambao ilisimama juu ya kazi yao.